Leseni ya kuuza magari yaliyotumika Texas: someni hapa kabla hamjalipia fremu

Mzee_wa_Yadi

Wakuu, heshima kwenu.

Inboksi yangu imejaa swali moja tu: "Kaka, nataka kufungua yadi ya magari huku Dallas, leseni bei gani?" Nimeona nimwage kila kitu hapa, nikiulizwa tena nakutumia kiungo tu, sitaki kuandika insha kila Jumapili.

Uzi huu ni wa walioko Texas. Marekani kila jimbo lina sheria zake za leseni hii, kwa hiyo aliyeko Ohio au Minnesota asikopi na kubandika. Aliyeko Dar anayeagiza Japan, mambo yako ni TRA na TBS, hapa utakuwa mtazamaji, ila karibu.

Nianze na wanaouza kimyakimya. Sheria ya Texas inakuruhusu kuuza magari yako bila leseni mradi yasifike matano kwa mwaka wa kalenda, na kila moja liwe limeandikishwa kwa jina lako. Soma vizuri hapo kwenye jina lako. Kuna mtindo wa mtu kununua Camry kwa Mmarekani, anasainiwa nyuma ya hati, anaiacha wazi bila kujaza jina lake, wiki ijayo anamkabidhi mteja mwingine hati hiyohiyo ili aikwepe kodi. Hiyo wanaita kuruka hati, na ni kosa hata kama umeuza gari moja tu tangu uzaliwe. Ukishafika gari la tano wewe ni mfanyabiashara na unatakiwa uwe na leseni ya dila, ambayo hapa inaitwa GDN. Anayeitoa ni idara ya magari ya jimbo, TxDMV, na maombi yote ni mtandaoni.

Sasa bei, maana najua ndiyo inayosubiriwa. Ada ya GDN ni dola 700, inadumu miaka 2. Pleti ya dila, ile ya kufanyia gari majaribio barabarani, dola 90 kila moja. Kusajili kampuni ya LLC kwa Katibu wa Jimbo dola 300. Kuna alama za vidole, zimekuwa lazima tangu Septemba 2022. Na kwa dila mpya anayejitegemea kuna mafunzo ya mtandaoni ya saa 6, usiyaruke wala usimwachie mpwa wako akubonyezee, kule ndani ndiko wanakueleza utafungiwa kwa lipi.

Halafu bondi, yaani dhamana. Hii inawatisha watu bure. Wanasikia dola 50,000 (zamani ilikuwa 25,000, ikapandishwa Septemba 2021) wanafunga kompyuta. Hulipi 50,000. Unaenda kwa kampuni ya dhamana, inaangalia rekodi yako ya mikopo, inakutoza asilimia kidogo ya hizo. Rekodi safi unalipa kidogo, rekodi chafu utatoa jasho. Ila elewa inamlinda nani: inamlinda mteja. Ukimuuzia mtu gari halafu hati hujampa, au ukampa mwenzako hundi hewa, akishinda mahakamani kampuni ya dhamana inamlipa, halafu inageuka kukudai wewe kila senti. Usiwaze kwamba umekata bima.

Jumlisha hayo yote utaona leseni haimshindi mtu anayefanya kazi. Wengi wanakwama kwenye sehemu, na nitaeleza hapo kwa kirefu. Ngoja nile kwanza.

Sir_Chai

Naweka kambi hapa. Tiririka mkuu.

Winga_Mstaafu

Kumbe huko kuuza gari tano lazima ukachukuliwe alama za vidole? Huku kwetu unahitaji simu, kijiwe na maneno. Haya endelea.

Mzee_wa_Yadi

Winga usinichekeshe, maneno hata huku yanahitajika.

Haya, sehemu. TxDMV hawatoi leseni kwa mtu, wanatoa kwa mtu akiwa mahali fulani. Ukihama, leseni haikufuati hivihivi, unaomba upya mabadiliko. Kwa dila wa rejareja wanataka ofisi isiyopungua futi 100 za mraba, yenye kuta na dari ya kudumu, meza, viti viwili, simu na intaneti. Ofisi isiwe nyumbani kwako, isiwe apatimenti, isiwe chumba cha hoteli. Wanataka eneo la kupanga magari lisilopungua magari matano, ambalo halichanganyiki na maegesho ya wateja wa saluni jirani. Wanataka kibao cha kudumu chenye jina la biashara kama lilivyosajiliwa, herufi zisipungue inchi 6, kionekane barabarani. Kitambaa kilichofungwa kwa kamba hakihesabiki. Na uwe wazi angalau siku 4 kwa wiki, kila siku saa 4 mfululizo, saa zikiwa zimebandikwa mlangoni. Wakaguzi wanapita bila hodi. Wakikuta kufuli saa ulizoandika mwenyewe, hiyo ni hoja.

Picha za hivi vyote unazituma pamoja na maombi. Ndiyo maana mnasikia mtu anasema "maombi yangu wameyarudisha mara tatu." Mara nyingi siyo ubaguzi, ni kibao. Kuna ndugu yetu mmoja alinipigia amekasirika kweli, maombi yamerudishwa. Nikamwambia nitumie picha. Kibao chake kimeandikwa "Auto Sales" kwa herufi kubwa za kupendeza, jina la kampuni liko chini kona ya kulia, dogo, lazima usogee hadi mlangoni ulisome. Tukachukua futi kamba, herufi za jina zilikuwa hazifiki hata inchi 4. Akatengeneza kingine, picha zikapita.

Ila hayo ni ya jimbo. Kabla ya jimbo kuna jiji. Miji mingi ya eneo hili imechoshwa na yadi ndogondogo za magari, kwa hiyo kuna mitaa hairuhusu kabisa kuuza magari hata kama jirani yako anauza. Jirani anaweza kuwa alianza kabla ya sheria kubadilika. Mwenye fremu atakwambia "hapa palikuwa na gereji, hakuna shida." Gereji siyo yadi. Nenda ofisi ya mipango miji, taja anwani, uliza kama uuzaji wa magari unaruhusiwa pale, na uombe wakujibu kwa maandishi. Fanya hivyo KABLA ya kusaini mkataba. Nimeona watu wanalipa kodi ya miezi kibao kwa fremu ambayo jiji halitawapa kibali cha kuitumia hadi kiama.

MkubwaWaRuiru

Boss, niko Houston. Swali moja. Mimi sitaki mambo ya yadi na kukaa nikingoja wateja. Nataka tu kuingia mnadani, ninunue, niuzie madila wengine. Bado nahitaji hiyo parking ya magari matano?

Mzee_wa_Yadi

Mkubwa hapo umegusa ninachowashauri watu wengi waanze nacho. Kuna GDN ya jumla. Ukiwa nayo unauza kwa madila wenzako tu, huruhusiwi kumuuzia mwananchi hata gari moja. Eneo la kupanga magari hawakudai. Ofisi, kibao, bondi, vidole, hayo yako palepale.

Faida yake ni kwamba unajifunza kununua. Biashara hii faida yake inapatikana siku ya kununua. Minada mikubwa kama Manheim hairuhusu mtu kuingia bila leseni, na gari zinapita kwenye njia kwa sekunde, dalali wa mnada anaimba usichokielewa, taa ya kijani inamaanisha gari liko sawa kiufundi, nyekundu maana yake utachukua lilivyo na matatizo yake, ya bluu maana yake hati haipo pale. Mgeni anaona Honda inang'aa, anainua mkono, taa ilikuwa nyekundu. Bora ujifunze hayo ukiwa na mzigo mdogo kuliko ukiwa na yadi inayodai kodi kila tarehe 1. Copart, mnada wa mtandaoni, wanaruhusu hata wasio na leseni kununua baadhi ya magari, lakini yale mengi ni ya ajali na mafuriko, na hati yake imepigwa muhuri unaosema hivyo. Hiyo ni fani nyingine.

Lushois243

Bandugu, jambo yenu. Miye niko Abilene. Natumaka magari ku Lubumbashi, ya bandugu na ya baclients kidogo. Kwetu tunaendesha kuume, basi hizi za Marekani usukani iko sawa. Ile licence miye pia inanihusu? Gari siuzishi hapa, nauzisha kule.

Mzee_wa_Yadi

Karibu sana ndugu yangu. Ni kweli, Kongo, Rwanda na Burundi wanapita kulia, ndiyo maana wenzetu wanafaidi magari ya huku sisi Watanzania tunaangalia tu.

Kutuma gari lako nje hakuhitaji GDN. Unachotakiwa ni forodha ya Marekani: hati halisi ya gari na nakala zake ziwafikie forodha saa 72 kabla gari halijapakiwa, na gari lenyewe liwepo walikague wakitaka. Hati yenye mkopo wa benki ambao haujaisha haitaondoka bila barua ya ruhusa ya benki. Shida inaanza pale "baclients" wanapokulipa ukiwa hapa. Mteja yuko Lubumbashi, anakutumia hela, unanunua gari kwa jina lako, unampa: hiyo tayari ni kuuza, na hesabu ya magari manne inaanza kusoma. Ukituma magari mengi kwa mwaka tafuta leseni, na utashangaa itakurudishia hela, kwa sababu dila anayenunua ili auze halipi ile kodi ya mauzo ya magari ya asilimia 6.25. Wewe sasa hivi unailipa kwa kila gari unaloandikisha kwa jina lako, au kama huilipi basi unaruka hati, na hapo sitaki kuuliza.

Lushois243

Aksanti sana mukubwa. Nimeelewa. Ile ya mwisho usiulize kweli.

Winga_Mstaafu

😂😂😂 mukubwa usiulize

Kijana_wa_Fursa

Wazee mnajichosha bure. Kuna jamaa hapa Fort Worth ana leseni, anakukodishia. Unaingia mnadani na kadi yake, unanunua kwa jina lake, unauza mwenyewe, unamlipa kiasi fulani kwa kila gari. Hakuna vidole, hakuna bondi, hakuna futi 100. Mjini shule.

Mzee_wa_Yadi

Kijana, nilikuwa nasubiri nione nani ataileta hii.

Leseni ya dila haikodishwi wala haiazimwi. Ni marufuku kwa mwenye leseni kumwachia mtu mwingine auze kwa leseni yake, na wakibaini wanamnyang'anya. Lakini tuweke sheria pembeni, tuongee hela. Gari umenunua kwa hela yako, hati iko kwa jina la nani? La kwake. Mnada wanamjua nani? Yeye. Akidaiwa na kampuni iliyomkopesha hela za mzigo, wanakuja kuchukua magari ya nani? Yote yaliyo kwa jina lake, na yako humohumo. Utasimama mbele ya nani useme "ile Highlander ni ya kwangu"? Mkataba wenyewe ni haramu.

Isitoshe idara imekuwa kali mno siku hizi na ina sababu. Zamani dila alikuwa anachapisha mwenyewe namba za karatasi za muda kwa mteja. Wajanja wakajisajili kama madila, hawana hata gari moja, wakawa wanauza karatasi hizo mtandaoni kwa watu wasiojulikana. Magari ya uhalifu yakawa yanatembea na karatasi zilizotoka kwenye mfumo wa serikali wenyewe. Ndiyo mwanzo wa hivi vidole na ukaguzi wa picha. Mwaka 2023 bunge la jimbo likapitisha sheria ya kufuta karatasi, na tangu tarehe 1 Julai 2025 hazipo tena, dila anatoa pleti ya chuma. Pleti hizo unapewa kwa hesabu, unazifungia, na kila moja inaandikwa kwenye mfumo imekwenda kwenye gari gani. Ukipoteza utaeleza. Sasa wewe unataka uwe mgeni usiyejulikana ndani ya leseni ya mtu wakati kama huu.

Kijana_wa_Fursa

Sawa mzee, yaishe. Nilikuwa nachangamsha uzi.

MamaMapacha

Nimewasoma kimya tangu jana, ngoja nami niseme kidogo. Mimi nafanya vitabu vya hesabu na makaratasi ya hati kwa madila wadogo. Kaka Mzee_wa_Yadi amesema vizuri kupata leseni. Mimi nawaona wakiwa wanaipoteza.

Namba moja ni hati. Ukimuuzia mteja, ni kazi yako wewe dila kupeleka maombi ya hati kwa jina la mteja kaunti na kulipa kodi yake ile 6.25, una siku 30, au 45 kama unamkopesha mwenyewe. Siku hizi yote yanapitia mfumo wa webDEALER. Dila mdogo anafanya nini? Mteja kampa kodi taslimu, yeye yuko mnadani anaona gari zuri, anaitumia ile hela ya kodi kununulia gari "nitairudisha wiki ijayo." Wiki ijayo gari halijauzika. Mteja anasimamishwa na polisi, hana usajili, analalamika kwa TxDMV kule Austin. Ile hela siyo yako hata dakika moja. Ifungulie akaunti yake benki na usiiguse.

Namba mbili, hii inawauma sana wageni: kila mwezi, mwisho tarehe 10, unapeleka kaunti taarifa ya mauzo ya mwezi uliopita na kodi ya mzigo ulionao yadini. Hata kama hujauza gari lolote, unapeleka ukiandika sifuri. Watu wanadhani sijauza basi sina cha kupeleka. Faini inakuja, inafuatwa na nyingine.

Na wale wa "lete kianzio, mengine utalipa kila wiki": kukopesha mwenyewe kunahitaji leseni nyingine kutoka ofisi ya jimbo ya mikopo ya walaji, OCCC, pamoja na kibali cha kodi kutoka kwa Mdhibiti wa Hazina. GDN peke yake haikupi ruhusa ya kudai riba.

Mzee_wa_Yadi

Dada umenisaidia kweli, hiyo ya sifuri nilikuwa nimeisahau kabisa kuandika.

Niongezee ya serikali kuu, haya yako nchi nzima. Kila gari lililotumika lazima liwe na karatasi dirishani inayosema kama linauzwa na dhamana au kama lilivyo, na mauzo mkiyafanya kwa Kihispania karatasi nayo iwe ya Kihispania. Kilomita, au maili niseme, lazima uzitaje kwa maandishi kwa gari la modeli ya 2011 kuja juu hadi litimize miaka 20. Na mteja akikuletea taslimu zaidi ya dola 10,000, una siku 15 kuwajulisha watu wa mapato kwa fomu 8300. Usimshauri azigawanye mara mbili ili zipungue, hapo umefanya kosa lingine kubwa kuliko la kwanza.

Wikiendi nayo: Texas hairuhusu yadi kuuza magari Jumamosi na Jumapili mfululizo. Chagua moja. Mimi nachagua Jumamosi, mke wangu ndiye aliyenichagulia Jumapili ya kanisani.

MkubwaWaRuiru

Na mtu ako na visa ya shule anaweza kufungua? Kuna cousin yangu anaulizia.

Mzee_wa_Yadi

Kumiliki kampuni na kuruhusiwa kufanya kazi ndani ya hiyo kampuni ni vitu viwili tofauti hapa Marekani. Mwenye visa ya mwanafunzi akisimama yadini anauza magari, amefanya kazi bila ruhusa, na atakayemuuliza siyo TxDMV, ni uhamiaji. Huyo binamu amwone wakili wa uhamiaji, amlipe, asikilize. Mimi kwa hilo sitoi ushauri wa bure.

Sir_Chai

Mkuu nimeshuka nao wote. Mimi nimeona fremu Arlington, ilikuwa duka la matairi, ina uwanja mbele na kiofisi ndani. Mwenyewe ni mzee wa Kivietinamu, mtu poa sana, anataka tuandikiane mwaka mmoja mmoja na nilipe miezi miwili ya mwanzo wiki hii kabla hajampa mtu mwingine. Nimpe?

Mzee_wa_Yadi

Usimpe bado.

Mkataba wa mwaka mmoja hautakutosha. Leseni ni ya miaka 2 na wanataka mkataba wa pango unaofunika muda wote huo bila kukatika, wenye anwani kamili ileile utakayoiandika kwenye maombi na jina lilelile la kampuni yako, siyo jina lako la pasipoti. Mzee akikubali miaka 2, mwombe aweke kipengele kwamba jiji likikataa kibali cha kuuza magari, mkataba unavunjika na hela yako inarudi. Mtu poa atakubali. Asipokubali, umeshajua.

Kesho Jumatatu ofisi za jiji ziko wazi. Beba anwani, uliza kuhusu kuuza magari, usiseme matairi. Na ukipita pale fremu, pima hicho kiofisi kwa futi kamba toka ukuta hadi ukuta, ndani, usihesabu choo, halafu unitumie vipimo na picha ya sehemu kibao kitakapokaa ikiwa imepigwa kutoka barabarani.

Sir_Chai

Sawa mkuu. Choo kiko ndani ya hicho kiofisi, ndiyo maana nimeuliza.

Mzee_wa_Yadi

Basi pima kwa uangalifu zaidi.